Pima Maji, Usimpime Samaki

Ukimwambia mtu kwamba unafuga samaki wa baharini Horohoro, atakuuliza bahari yenyewe iko wapi. Mji wetu unajulikana kwa malori, mihuri ya pasipoti na wabadilisha fedha. Kwa anayetoka Tanga ni mwisho wa zile kilomita 65 za lami zilizojengwa kwa msaada wa Marekani. Kwa anayetoka Lunga Lunga, upande wa Kenya, ni mwanzo wa Tanzania. Lakini ukiiacha barabara kuu ukashuka mashariki, haupiti muda unaingia kwenye mikoko, na nyuma ya mikoko kuna Jasini, Moa na Bahari ya Hindi. Bahari ipo. Sisi wa mpakani ndio tulioipa mgongo, maana riziki yetu inapita barabarani.

Mimi ni wakala wa forodha. Nilianza kazi hii barabara ikiwa bado vumbi, nikaendelea nayo hadi maofisa wa Tanzania na Kenya wakahamia chini ya paa moja. Kazi ya wakala ni kusubiri. Unasubiri mfumo urudi, unamsubiri mkaguzi, unamsubiri dereva aliyekwenda kula. Mtu anayesubiri kutwa nzima, jioni hutafuta kitu cha kutazama kisichohitaji muhuri. Mimi nikapata samaki.

Samaki mwenyewe hafiki urefu wa kidole cha kati. Mgongo na ubavu ni buluu iliyokoza, tumbo na mkia ni njano. Alfajiri, kabla taa haijawashwa, utadhani ni mweusi. Taa ikiwaka, naye anawaka. Wanasayansi humwita Pomacentrus caeruleus, jina alilopewa na Wafaransa Quoy na Gaimard mwaka 1825, na maskani yake ni upande huu wetu wa Bahari ya Hindi, kutoka Afrika Mashariki hadi Maldivi. Ni wa ukoo wa damseli, ukoo mkubwa wenye spishi karibu 400. Ndugu zake unawajua hata kama hujawahi kuzamia. Yule wa rangi ya chungwa na mistari myeupe aliyepata umaarufu mwaka 2003 kwa filamu ya Finding Nemo ni wa ukoo huu. Wa ukoo huu pia ni yule mweusi mwenye madoa matatu meupe, ambaye madoa yake hufifia kadiri anavyokua, na wale wadogo wa mistari myeusi na meupe wanaojichimbia ndani ya matawi ya tumbawe mara wakiona kivuli chako.

Wavuvi hawana haja nao. Ni wadogo, hawatoshi kitoweo. Wanaowataka ni watu wa mbali wenye matangi ya kioo nyumbani. Ripoti ya mwaka 2003 ya UNEP-WCMC, kituo cha Umoja wa Mataifa kinachofuatilia hali ya viumbe, ilikadiria kwamba samaki wa baharini kati ya milioni 20 na 24 huuzwa kila mwaka kwa ajili ya mapambo, na karibu nusu yao ni wa ukoo wa damseli. Wengi huvuliwa baharini, hawazalishwi mabwawani. Ng'ambo ya mpaka wetu, kuanzia Shimoni hadi Kilifi, wako wazamiaji wanaoishi kwa kazi hiyo: huwakamata kwa nyavu ndogo, huwafunga katika mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, nao hupanda ndege kwenda Ulaya na Marekani.

Rangi humvuta mnunuzi, lakini kilichompa damseli nusu ya soko ni ugumu wake. Anastahimili safari, anastahimili joto, anastahimili chumvi ikizidi au kupungua kidogo. Anakula chochote. Hauzwi ghali. Na kwa sababu hafi upesi, umezuka ushauri ambao wafugaji wa samaki wamekuwa wakipeana duniani kote kwa miongo mingi: tangi likiwa jipya, mtie damseli kwanza. Yeye ataliivisha. Likishaiva, ndipo ulete samaki wa thamani.

Maana ya kuiva ni hii. Tangi jipya halina bakteria. Kinyesi cha samaki na makombo ya chakula hutoa amonia, na samaki mwenyewe huitoa kupitia matamvua anapohema. Amonia ni sumu. Huyaunguza matamvua hayohayo. Baada ya muda bakteria wa kundi moja huota juu ya mawe na kuigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaweza kuishi nayo ikiwa haijazidi. Shughuli yote huchukua wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi. Katika wiki hizo samaki aliyemo anaogelea ndani ya sumu yake. Damseli huumia kama wenzake. Tofauti yake ni kwamba hafi haraka, na asiyekufa haraka huhesabiwa kuwa haumii.

Jambo hili nililiona kabla sijanunua hata kipande cha kioo. Nilikuwa nimelala katika nyumba moja ya wageni, mji mmoja wa pwani, na kwenye mapokezi palikuwa na tangi la maji ya chumvi. Maji yalikuwa na umanjano, kioo kimeshika utelezi wa kijani. Ndani mlikuwa na damseli wawili wa mistari. Nikamuuliza kijana wa zamu kama maji yale hubadilishwa.

"Mzee wangu, maji haya hayana neno," akanijibu. "Hawa wana mwaka humu na hawajaumwa hata siku moja. Wale wengine wa rangi nyingi ndio hawadumu. Tunaweka, wanakufa. Sijui wana ulaini gani."

Nilivuta kiti nikawatazama wale wawili. Mapezi yao yalikuwa yamechanika pembeni. Vifuniko vya matamvua vilikuwa vinapiga mbiombio, navyo havikutulia hata samaki walipotulia. Walikuwa hai, ndiyo. Lakini uhai wao ulikuwa umegeuzwa cheti cha maji mabovu, na kwa cheti hicho samaki wapya waliendelea kuingizwa na kufa. Mimi nazijua karatasi za namna hiyo. Nimeziona mpakani: muhuri halali, sahihi halali, na mzigo ulioko ndani ya lori ni mwingine kabisa.

Tangi langu nikaliendesha kwa mwendo mwingine. Fundi vioo wa Tanga alinikatia vioo vya mita moja kwa nusu mita kwa nusu mita, lita 250 likijaa pomoni. Mawe sikuyatoa baharini. Pwani yetu yote imekaa juu ya matumbawe ya kale, watu wanayachimba nchi kavu na kujengea nyumba. Nikachagua vipande vyenye matundu, nikavisugua, nikaviloweka, nikavianika. Kuhusu maji nilipewa somo na mjomba wangu, mvuvi wa madema wa Moa. Alinikataza kuchota karibu na mlango wa Mto Umba, hasa baada ya mvua, kwa sababu mto hushusha tope na maji baridi, na chumvi hupungua. Tukaenda nje kwa ngalawa wakati wa kaskazi, maji yakijaa, tukajaza madumu. Njia nzima alikuwa ananicheka.

"Mpwa wangu, watu wanatoa samaki majini wakala. Wewe unayatoa maji baharini uyapeleke kwa nani?"

Madumu yakapanda bodaboda hadi Horohoro. Nikajaza tangi, nikawasha pampu, kisha nikatumbukiza humo kipande cha kamba mbichi, nikakiacha kioze. Kamba aliyeoza hutoa amonia ileile inayotoka kwa samaki, na bakteria hula bila kuuliza imetoka kwa nani. Hakuna kiumbe anayeumia. Shida ni harufu, na ni jinsi ya kuwaelewesha watu wa nyumbani.

"Baba watoto," mke wangu aliniuliza jioni moja akiwa ameziba pua kwa kanga, "hii ni mboga au ni dawa?"

Wageni wakija walikuta taa inawaka, pampu inanguruma, maji safi, mawe yamepangwa vizuri, na hamna kitu. Watoto wa jirani walikuwa wakichungulia dirishani na kuondoka wamenuna. Kila siku chache nilitia matone ya kipimo katika kichupa cha maji na kulinganisha rangi na kadi yake. Amonia ilipanda, ikashuka. Nitriti ikapanda, ikakaa huko juu hadi nikaanza kuichoka, kisha nayo ikashuka. Mawe makavu ya nchi kavu huchelewa kushika bakteria kuliko mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na uhai wake, kwa hiyo nilisubiri kuliko wengi. Lakini kusubiri nimeshakwambia ndiyo kazi yangu.

Vipimo viliposoma sifuri, nilikwenda ofisi ya uvuvi ya wilaya na kwa viongozi wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, kueleza ninachotaka. Uvuvi wa nchi hii una Sheria ya mwaka 2003 na kanuni za 2009, na mtu anayekula kwa vibali vya watu wengine hawezi kujifanya hajui habari ya vibali. Baada ya hapo ndipo mjomba akaniletea samaki wachache wa buluu ndani ya ndoo yenye mfuniko uliotobolewa.

Kitu cha kwanza nilichojifunza kwao ni habari ya mpaka, na hapo nilidhani mimi ni mtaalamu. Haukupita muda dume lililokuwa kubwa kuliko wenzake likachagua jiwe lenye tundu kwenye kona ya kushoto. Likachimba mchanga kwa mdomo, likautema pembeni, likafanya kizingiti. Mwenzake akipita mbali, halijali. Akisogea hadi sehemu fulani, ambayo mimi sikuiona alama yake yoyote, linatoka kwa kasi. Nilikuja kuutambua mstari ule kwa kuwatazama wale wengine: wote walikuwa wakigeuzia palepale.

Mpaka ninaofanyia kazi ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi: waliuanzisha mlangoni mwa Mto Umba, wakauvuta moja kwa moja hadi Ziwa Jipe. Hawakuuliza Wadigo wanaoana wapi wala wanazikana wapi, na hadi leo Wadigo wa huku na wa kule ni ndugu, harusi ya Lunga Lunga ina wapishi wa Horohoro. Mpaka wa damseli unatokana na kitu kingine: tundu la kujificha, mwani wa kula na mahali pa kutagia. Haulindi kwa ubaya wa moyo. Anaulinda kwa sababu bila hivyo vitatu hana maisha.

Lakini katika tangi ulinzi huo huwa balaa. Baharini aliyefukuzwa anakwenda zake, mwamba ni mkubwa. Ndani ya kioo hana pa kwenda, hufukuzwa kutwa, hushindwa kula, hufa. Hapo ushauri wa kumtanguliza damseli unaonyesha ubaya wake wa pili. Anayemtia wa kwanza peke yake kwa sababu ni mgumu amemkabidhi tangi zima, kona zote nne. Wageni wakija baadaye wanakuta kila jiwe lina mwenyewe, naye mwenyewe ni yule aliyevumilia sumu peke yake. Halafu mfugaji anasema damseli ni mkorofi, anamtoa na kumtupa. Wahenga walisema mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza. Damseli hajasikia methali hiyo, na hatuna haki ya kumlaumu ikiwa sisi ndio tuliompa nyumba nzima.

Nilipoongeza damseli wawili wa mistari nilifanya kama wanavyofanya wafugaji wenye uzoefu. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, niliyapanga mawe upya yote. Lile la kona likaenda kati, la kati likaenda nyuma. Asubuhi wote walikuwa wageni sawasawa. Dume la buluu lilizunguka, likarudi, likazunguka tena, na kabla halijaamua lake ni lipi, wale wa mistari nao walikwishapata tundu. Ugomvi haukuisha, ila ulipata mipaka inayovumilika.

Baada ya misimu kadhaa nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Ndani ya ganda la kombe lililolala chini ya jiwe, upande wa juu, palikuwa na ukoga wa vipunje vidogo vimepangwa safu kwa safu. Mayai. Katika ukoo huu kazi ya kulea mayai ni ya baba. Dume lilikaa chini ya ganda likiyapepea kwa mapezi, likiokota moja moja yaliyoharibika na kuyatema. Nikitia mkono kusafisha kioo linakuja kuniuma kidole, samaki wa sentimita saba dhidi ya mtu mzima mwenye familia. Mayai yalianguliwa usiku siku chache baadaye, na watoto hawakupona. Kwa kawaida watoto wa damseli huelea bahari kuu kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kutafuta mwamba, na hakuna tangi la sebuleni linaloweza kuwapa safari hiyo. Wa baharini huko nje wanaanguliwa Moa, wanachukuliwa na mkondo, wanakuwa watu wazima Vanga au Shimoni. Hakuna anayewadai pasipoti.

Dume likiwa na mayai mengine, usiku mmoja wa joto umeme ulikatika. Pampu ilinyamaza. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na tangi lisilo na pampu katika joto la Februari lina saa chache tu. Wale wa mistari walipanda juu, wakawa wanavuta hewa usoni mwa maji. Jike la buluu likafuata. Dume likabaki chini ya ganda lake.

Mwanangu alimulika kwa tochi akasema, "Baba, mkubwa mzima, hajapanda. Twende tukalale."

Nikachukua tochi nikapiga magoti. Dume lilikuwa linapepea mayai kwa nguvu kuliko mchana, na vifuniko vya matamvua vilipiga kwa kasi ileile niliyoiona kwenye nyumba ya wageni. Halikubaki chini kwa sababu lilikuwa na nafuu. Lilibaki kwa sababu lilikuwa na watoto. Pengine kati ya wote ndilo lililokuwa linamaliza hewa upesi zaidi, maana linapumua na kufanya kazi, na huku kwa macho ya mtu aliyesimama nje ndilo lililoonekana limetulia. Tukaunga pampu ndogo ya betri, tukakesha.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiona jambo hilohilo mahali pengi. Palikuwa na dereva mmoja wa malori, mtu mzima, aliyekuwa akipita hapa kwetu mara kwa mara. Vijana walimwita Chuma. Foleni ikiwa ya siku mbili, hakunung'unika. Mzigo mbaya, safari ya usiku, gari lenye breki za mashaka, apewe Chuma. Mwajiri wake alimsifu kila mahali, na sifa zile zote zilikuja na mzigo juu yake. Siku moja alishuka kwenye gari akashindwa kusimama. Zahanati wakampima: shinikizo la damu, la muda mrefu, halijawahi kutibiwa. Watu walishangaa. Jana tu alikuwa mzima! Mimi sikuona la kushangaza. Hakuna aliyekuwa ameyapima maji. Wote walikuwa wakimtazama samaki.

Tunapenda kusema mvumilivu hula mbivu, na ni kweli kwa anayevumilia kitu chenye mwisho huku akijua anachokingoja. Lakini tumeigeuza methali hiyo kuwa ruhusa ya kumtwisha anayevumilia. Ipo nyingine isiyosemwa sana mbele ya wakubwa: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Funzo hili lilinirudia kwa ukubwa wake wote siku nilipozamia na mjomba. Ilikuwa bamvua, maji yamepwa sana, tukaenda kwenye mwamba mmoja aliokuwa akivua tangu ujana. Nilikuwa na hamu ya kuona samaki wangu wanavyoishi kwao. Tulivaa miwani, tukaingia. Niliwaona mara moja, wengi, kundi la buluu na njano juu ya kifusi cha matumbawe, wakipanda na kushuka pamoja. Niliinua kichwa nikamwambia mjomba kwamba bahari yake imejaa.

Alitema maji, akashika ukingo wa ngalawa. "Mwanangu, hawa ndio waliobaki. Usinihesabie hawa."

Nikarudi chini nikatazama kwa macho yake. Kile kifusi kilikuwa mwamba zamani. Baruti ilipigwa pwani ya Tanga kwa miongo mingi licha ya kupigwa marufuku, na kila mlipuko huacha duara la vipande vilivyovunjika vinavyobingirika na mawimbi, tumbawe jipya haliwezi kushika. Halafu likaja joto la mwaka 1998, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakawa meupe na kufa. Damseli wa buluu hupenda mahali penye vifusi. Yeye hakuondoka. Waliondoka wanaohitaji mwamba mzima: chewa, changu, kolekole waliokuwa wakija kuwinda. Mtalii angepiga picha nzuri sana pale. Mvuvi alikuwa anaona ghala tupu.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 1994 mkoa ulianzisha mpango wa kuhifadhi pwani kwa usaidizi wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na wanavijiji wakagawa bahari katika maeneo ya usimamizi wa pamoja. La huku kwetu ni Boma–Mahandakini, lililo kaskazini kabisa, jirani na Kenya. Baadhi ya miamba ilifungwa ipumzike. Vyombo vya dola vilipoungana kuwasaka wapiga baruti katika miaka ya 2010, milipuko ilipungua sana. Mjomba anakiri kwamba siku hizi anaweza kukaa baharini asubuhi nzima bila kusikia mshindo. Lakini mwamba haujengwi kwa amri, unajengwa na viumbe, na viumbe hao wana mwendo wao.

Tanga hii ndiyo iliyoupa ulimwengu somo kubwa kuliko yote kuhusu ustahimilivu. Silikanti, samaki ambaye ukoo wake una umri wa miaka karibu milioni 400 na ambaye wanasayansi walidhani ametoweka pamoja na dinosaria hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa huku kwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika majarife yaliyotegwa kina kirefu. Mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Kiumbe aliyevuka majanga yaliyomaliza zaidi ya nusu ya spishi duniani hakuweza kuvuka jarife la nailoni. Ugumu wake ulikuwa wa majanga ya zamani, haukuwa wa wavu wetu. Na damseli naye ugumu wake ni wa mabadiliko ya bahari. Hakuna kilichomwandaa kwa kioo cha mapokezi.

Ninaendelea kufuga. Sioni aibu kuwa na bahari ndogo sebuleni Horohoro. Watoto wa jirani waliokuwa wakinuna sasa wanajua kupima chumvi, na wanajua kwamba maji yakipungua kwa mvuke unaongeza maji ya mvua yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Wapo waliokulia kilomita chache kutoka baharini na samaki hai wa kwanza wa mwamba wamemwona kwangu. Hilo pekee linalipia umeme.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa nawe umevutiwa na rangi ile ya buluu, nina maombi machache. Usinunue samaki siku unayonunua tangi. Kiache kipande cha kamba kiivishe maji, wewe ustahimili harufu. Wiki sita za pua yako si kitu mbele ya wiki sita za matamvua yake. Mawe yachukue nchi kavu, mwamba uuache ulipo. Uliza vibali kabla ya kuuliza bei, na usivushe samaki hai mpakani kienyeji. Ukitaka kuchanganya aina, wapole waanze, damseli aje mwisho. Nunua vipimo vya amonia na nitriti kabla ya kununua mapambo, na uvitumie hata wiki ambayo samaki wote wanaonekana wazima, hasa wiki hiyo. Kipimo kikionyesha amonia, usisubiri damseli akuthibitishie. Badilisha maji siku hiyohiyo.